Majina Niliyoahidi Kusoma

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa karani, na jioni nikitoka kazini nilisoma gazeti kwa sauti kwenye benchi la muuza kahawa, mtaani kwetu Temeke. Wengi walijua kusoma, kisomo cha watu wazima kilikwishapita kila nyumba, ila walipenda kusomewa. Nami nilipenda kusikilizwa, tena sana. Kisha benchi la ng'ambo ya barabara likapata redio, wasikilizaji wangu wakaanza kuhama mmojammoja.

Nikaanza kutia chumvi. Jioni moja, macho yangu yakiwa kwenye ukurasa wa michezo, "nikasoma" kwamba kikosi chetu kimoja kimezingirwa. Vikombe vikatulia. Utamu ukanipanda kichwani, nikaongeza: "Majina ya waliokufa yatatoka kesho."

Kesho yake benchi lilijaa, wengine wakasimama. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yangu, mama muuza vitumbua, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa vitani. Siku hiyo hakukaanga kitu. Nilimwamkia, akaitikia huku anatazama gazeti. Nikapekua kurasa zote, nikasema majina hayajatoka. Sikusema kwamba niliongopa, na hilo linanitia haya kuliko uongo wenyewe. Alikuja siku tisa mfululizo.

Mwanawe alirudi mzima, nami nikajifanya nimesahau.

Miaka michache baadaye niliona mjini sinema ya Kizungu ya kuchekesha kuhusu habari za televisheni, kitu ambacho huku Bara hatukuwa nacho. Mkubwa wa habari anaogopa watazamaji watahamia kituo kingine, basi anamwambia mjane alie upya, maana kamera ilichelewa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikaenda kuisimulia benchini, nikimwiga mkubwa yule, na watu wakaangua kicheko. Mama wa vitumbua hakucheka.

"Hao watu wana roho gani? Uchungu wa mtu ndo wanaufanya mchezo, ili watazamwe!" Akanigeukia. "Afadhali wewe mwanangu. Enzi za vita ulikuwa unatusomea kilichoandikwa. Majina hayajatoka, unasema hayajatoka."

Akamwambia muuza kahawa anijazie kikombe. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante mama, nikanywa.