Mkutano Usio na Mpinzani

Marselino alitumikia jeshi miaka minane, kisha akahamia polisi, akapanda mpaka kuwa mkuu wa kituo. Alipostaafu alirudi kwao, upande wa Mpui, akagombea udiwani, akashinda bila jasho. Watu waliendelea kumwita Afande, naye hakuwakataza.

Mwaka wake wa tatu kata ikaletewa mradi wa zahanati. Kiwanja kilichofaa kilikuwa shamba la ulezi la Fransiska, mjane wa makamo ya mama yake. Marselino akaitisha mkutano, akasimama mikono nyuma, akauliza nani anapinga. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akamgeukia Fransiska mwenyewe, naye akajibu kwamba ametoa kwa hiari. Makofi yakapigwa, muhtasari ukaandikwa.

Jumapili, wakitoka misa, mkewe Scola akamwambia kwamba mama yule hana shamba jingine.

"Mbona hakusema?"

"Angesemaje? Mwanawe Loth ulimweka ndani siku nne."

Ilimchukua muda kukumbuka. Enzi zake za ukuu wa kituo, kijana huyo, aliyekuwa akifanya kibarua huko, alishukiwa kuiba mahindi ya mfanyabiashara, akaachiwa bila kesi, akatoka akichechemea. Marselino hakumgusa. Alikuwa ofisini kwake, akisikia askari wake wakimpiga, wala hakunyanyuka kitini.

Mchana uleule akaenda kwa Fransiska. Alimkuta akipepeta. Mama yule akaweka ungo chini, akapiga goti.

"Shikamoo, Afande."

"Mama, mimi ndiye wa kukuamkia."

Akamweleza kwamba kama hataki, aseme tu, hakuna ubaya. Fransiska akajibu kuwa amekwisha kutoa. Marselino akauliza tena, na tena, na kila mara jibu lilikuwa lilelile, neno kwa neno, macho chini. Hapo akajisikia anavyouliza: ndivyo alivyokuwa akiwahoji mahabusu. Akaaga, akaondoka.

Kesho yake akaandika barua kukiondoa kile kiwanja kwenye mradi. Kingine hakikupatikana kwa wakati, zahanati ikapelekwa kata jirani. Lawama zikamwangukia. Kwenye kura za maoni za chama, mwalimu Christopha akambwaga vibaya.

Hilo alilimeza. Lililomkaa kooni ni jingine. Wanawake walianza kusema kuwa Fransiska ndiye aliyewanyima zahanati. Alipopata homa, hata jirani wa kumchotea maji hakutokea. Loth alikuwa Tunduma, hajui lolote. Marselino aliposikia akavaa koti, akachukua ndoo mbili.

"Usiende," Scola akasema. "Akikuona mlangoni homa itampanda."

Alifika kizingitini, akageuka. Halafu akampa mkewe zile ndoo. Scola akashuka kisimani peke yake, naye akabaki uani, upepo wa Ufipa ukimpiga usoni, asijue aketi au asimame.