Kanga Isiyofuliwa

Mama yangu hakuwahi kuielewa kazi yangu, na lawama si yake. Nilimweleza kwa simu, nikamweleza tena nilipokuja likizo, tumekaa nyumbani Ansab, pembeni ya Maskati, na sahani ya halua katikati yetu. Nikamwambia kuna wakaguzi wanaozunguka dunia. Wanaingia katika vinu vya nyuklia, wanafuta kuta, mabomba na vishikio vya milango kwa vitambaa vidogo vya pamba, na vitambaa hivyo vinaletwa kwetu maabara. Sisi tunavichoma vikawa majivu, majivu tunayayeyusha kwa asidi, na ndani ya maji yale tunatafuta urani. Mtu akifanya kazi ya siri, chembe zake zinabaki ukutani hata apige deki namna gani.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia jirani aliyekuja kututazama, akamwambia, "Mwanangu huko Ulaya anakagua matambara ya deki ya watu. Hapa kwangu hata kikombe chake haoshi."

Tangu siku ile, kila nikipiga simu, ananiuliza matambara yameamkaje.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nilimaliza sekondari hapa Maskati nikaondoka, na kila nilipofika nilikuta nimeanza kupakumbuka nilipotoka. Nimepaka rangi meli, nimebeba mizigo ya hoteli, nimekaa miji ambayo sasa siikumbuki ila kwa harufu ya ngazi zake. Maabara ile ilinichukua kuosha vyombo vya glasi. Wakemia wakaona sichoki kuuliza, wakanifundisha mizani, kisha asidi, kisha namna ya kuitenganisha urani na takataka nyingine zote. Miaka ikapita nikawa nafanya kazi yao, kwenye meza yao. Ndipo mahali pekee nilipokaa.

Nadhani kilichonishika ni ule utaratibu. Chumba chetu hewa yake huchujwa, na huingii umejipaka manukato, wala wanja, wala umevaa shati lililofukizwa udi, maana moshi una chembe zake. Tunavaa nguo nyeupe mpaka kichwani. Tunafanya kazi wawili wawili: mmoja anafungua mfuko wa nje, na mwenzake, mwenye glavu mpya, ndiye anayegusa kitambaa. Mfuko hauna jina la nchi. Una namba tu. Simu zinabaki nje kabatini.

Kwa hiyo dada yangu alipopiga asubuhi ile, simu ililia kabatini. Akapiga tena na tena. Mimi nilikuwa ndani nayeyusha vumbi la ukuta wa watu nisiowajua. Nilipotoka kwenda kula nikakuta ujumbe wake wa sauti. Alisema mama amefariki hospitali alfajiri, na kwamba watamzika baada ya adhuhuri, hatumngoji mtu, unajua mwenyewe. Nikatazama saa. Maskati adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita.

Nilifika siku ya pili ya matanga. Wanaume walikuwa wakipokea rambirambi msikitini, nami nikaenda kwanza huko, nikapeana mikono na watu walioniambia nimefanana naye. Kisha nikaja nyumbani nikapita katikati ya wanawake waliojaa sebuleni, nikaingia chumbani kwake nikafunga mlango.

Nilijua nnachokitaka. Nilitaka kitu kimoja tu alichokivaa, chenye jasho lake, mafuta yake ya nazi, asmini aliyokuwa akiitia ndani ya mto. Kaburi walishalifunga. Hicho ndicho kilichobaki cha kukutana naye.

Kitanda kilikuwa hakina shuka. Kabati lilikuwa tupu, limefutwa. Mto ulikuwa umeanikwa juani uani, na chumba kizima kilinuka sabuni.

Dada yangu aliingia na rundo la nguo zilizokunjwa. Nikamwuliza kama amezifua zote.

"Zote. Kesho zinatoka sadaka. Ulitaka nitoe nguo za mama na uchafu wake, watu waseme nini?"

Akanitazama usoni, akaziweka nguo kitandani polepole.

"Nlirudi kutoka hospitali sijui nishike nini," akasema. "Nisingefua ningepiga kelele."

Nikamkumbatia. Nilihisi mikono yake mgongoni kwangu, imekauka, inakwaruza shati. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba labda msichana wa kazi anayo kanga moja ya mama.

Msichana alikuwa Mganda aliyemtunza mama tangu miguu yake ilipoanza kukataa, na ndiye aliyelala naye hospitali. Nilimkuta jikoni anapanga vikombe vya kahawa. Nikamwuliza habari ya kanga. Akafuta mikono, akaingia chumbani kwake, akarudi nayo imekunjwa.

"Ile AC ya wodi ilikuwa baridi sana, kaka," akasema. "Nilikuwa kwenye kiti. Mama akaitoa kwake akaniambia nijifunike. Nikamwambia hapana, akanikasirikia."

Nikamwuliza kama imefuliwa.

"Haijafuliwa. Lakini nimelala nayo. Kila siku tangu aliponipa." Akainamisha macho. "Kama unaitaka, chukua."

Niliipokea kwa mikono miwili, nikaitia usoni. Palikuwa na kitunguu cha kukaanga. Palikuwa na mafuta ya nywele, yale matamu wanayouza madukani, na dawa ya hospitali. Chini ya hayo palikuwa na kitu, au nilitaka kiwepo. Nikavuta pumzi tena, na tena. Kazini kitambaa kikiguswa na mkono usiohusika, bado tunakipima. Jibu linatoka, tena kwa usahihi, ila hakuna kati yetu anayeweza kuapa limetoka kwa nani. Tunakiweka pembeni, basi. Nimeviweka pembeni vingi, na sikuwahi kusikitikia hata kimoja.

"Umempata?" akaniuliza.

"Sijui," nikamwambia.

Nikaikunja nikamrudishia. Alikataa. Nikamwambia ni yake, mama alimpa yeye, alimwona ana baridi akampa. Hapo akaanza kulia, na mimi, ambaye msikitini nilishukuru kila mkono bila chozi, nikalia naye tumesimama mbele ya vikombe.

Dada yangu akaita kutoka sebuleni kwamba wageni wanangoja kahawa. Msichana akajipangusa uso kwa pindo la kanga, akajitanda mabegani, akachukua birika na kutoka. Nilisimama pale nikimsikiliza akiwakaribisha watu wa mama yangu, mmoja mmoja.