Nilimshonea Shehe Maneno Yasiyo Yake

Kosa ni langu, na sitamtupia shetani. Nililifanya kwa mikono yangu, akili timamu, na nilipoulizwa nikasema uongo ndani ya msikiti! Nakwambia wewe kwa sababu watoto wangu siwezi kuwaambia nikiwatazama usoni.

Miaka ile kabla ya uhuru nilikuwa Mkoani, Pemba, kazi yangu kunakili vitabu kwa mkono na kuvishona. Kijiji cha jirani, Wambaa, alikuwako Shehe mmoja wa tarika, akiishi kwenye zawiya yake, nyumba ya zikri, na mkewe, Bi Rehema. Alitunga kitabu kidogo cha dua na nyiradi kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, ili wanawake wa zikri wasiojua Kiarabu waelewe wanachomwomba Mola wao. Jina lake hakuliweka. Mwisho aliandika tu "mja dhalili", akasema kitabu cha dua si mahali pa mtu kujionyesha. Akanipa nitoe nakala kumi.

Sasa siasa! Pemba nzima ilikuwa imegawika. Watu hawaingii duka la mwenzao, hawazikani. Mimi nilikuwa na chama changu na damu inanichemka. Akanijia mtu wa chama na karatasi zake, zikisema aliye upande wa pili si Muislamu wa kweli, asisaliwe wala asizikwe. Akanambia karatasi za siasa watu wanafungia karanga, lakini hakuna Mpemba atakayethubutu kutupa kitabu chenye jina la Mungu. Basi nizishone humo, nyuma ya dua.

Nikaona huyu bwana ana akili kweli! Nikazinakili kwa mwandiko ule ule, wino ule ule. Tena lile "mja dhalili" nikalihamishia mwisho kabisa, ili kiungo kisionekane. Nakala nikazipeleka mwenyewe kwa wanawake, Shehe hakuzipitia. Aliniamini.

Wiki haikwisha. Mume wa mmoja wao alisoma mpaka mwisho. Baada ya sala ya Alasiri msikitini Wambaa, nami nimo, wanaume wa upande wa pili, ambao ndio wengi pale, wakakiweka kitabu mbele ya Shehe. Alifunua kurasa polepole, kisha akanitazama.

"Zino kurasa za nyuma kakupa n'nani, mwanangu?"

Yule mtu wa chama alikuwa amekaa karibu na mlango, hanibandui macho.

"Nimezikuta humo humo, Shehe."

Wakataka asili yake, kile alichoandika Shehe kwa mkono wake. Nikasema ililoa mvua, nimeizika kama vinavyozikwa vitabu vya dini vilivyoharibika. Uongo mtupu! Ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya sanduku. Shehe hakujitetea, alisema tu nisisumbuliwe.

Zikri ikavunjika. Wanawake wakarudisha vitabu mmoja mmoja, wengine wakilia, maana dua zile walikwisha kuzipenda. Haikupita miezi miwili Bi Rehema akafariki. Wambaa maiti hubebwa na kijiji kizima, watu wakigombania thawabu. Siku ile tulikuwa sita, hakuna wa kutupokea. Wale walioleta kitabu, watu wa safu ya mbele msikitini, walikaa barazani mwao wakatutazama tukipita. Bega langu mimi lilikuwa chini ya jeneza lile. Mungu anisamehe!

Siku ya tatu, hitma ilipokwisha, nilimwendea Shehe na ile asili mkononi. Nikamweleza yote, nikalia kama mtoto. Hakushtuka.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nikingoja useme mwenyewe. Mie n'shakusamehe. Lakini wale hata leo wajua mie n'mewaita makafiri. Nenda kawambie."

Sikwenda. Mwanzo niliogopa chama. Kisha yakaja Mapinduzi, kila mtu akawa na hofu yake, nikajiambia ni bora kunyamaza. Shehe akafa bado namwahidi kwamba kesho nitakwenda. Alizikwa na watu wachache kama mkewe.

Ewe unayesoma, kama kuna mtu anabeba lawama yako, usijidanganye kwamba kusamehewa na yeye kunatosha. Nenda kwa waliodanganywa, uwaambie wangali hai. Mimi nilipopata moyo wa kurudi Wambaa, katika wale wa safu ya mbele nilimkuta amebaki mmoja tu. Nilimweleza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha mkwewe akanambia mzee hasikii tena, mwaka wa tatu huu.