Inchi Mbili za Kufika Shambani

Tumbo la gari lililalia tuta katikati ya njia, magurudumu yakazunguka bure, na mama mkwe wangu, aliyekaa mbele kando yangu, akalitazama shamba lake lililokuwa hatua chache tu kutoka pale. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, nimelinunua mkononi mwa mtu, lakini lilikuwa la fowili, yaani linavuta kwa magurudumu yote manne. Siku hiyo niligundua kwamba kuvuta si kitu kama chuma cha chini kimekaa juu ya udongo. Malori ya matofali yalikuwa yamechimba njia ile pande zote mbili na kutuachia tuta katikati.

Nilimshusha ili amalizie kwa miguu. Nyonga ikakataa. Wakati wa kumrudisha ndani nikamwekea kigoda, mguu mmoja wa kigoda ukazama topeni, na mama akaanguka ubavu. Nilipoinama kumbeba, alinizuia kwa kiwiko. Huyu ni mjane wa askari, mtu wa kaskazini mwa Uganda aliyelea watoto wake katika kambi za jeshi, na Kiswahili chake ni cha huko kambini.

"Mimi hapana beba," akasema. "Lori ya jeshi mimi nilipanda na mutoto kwa mugongo. Kama mimi nashindwa panda gari, uza shamba."

Habari ya kuuza haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanawe, mume wangu, ambaye ni polisi na hupenda mambo yaishe mapema. Alishapata mnunuzi. Alisema kama mama atakosa msimu huu wa kupanda, hakuna haja ya kuliacha shamba liwe pori. Nilikasirika, na sikuficha. Lile shamba marehemu baba mkwe alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Mimi ni Mkenya niliyekuja Kampala kwa ajili ya biashara, na kunde za mama za kupikwa kwa ufuta uliosagwa ndizo zilizonifanya nijione nina kwetu hapa. Niliapa kwamba mama atapanda ufuta wake, na atafika bila kubebwa.

Nikaenda kwa fundi wa magari wa Kamwokya. Akalala chini ya gari na futi yake, akatoka macho yakimng'aa.

"Nyabo, weka inchi nne," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Hata basi itakupisha."

Nilicheka, nikakataa. Siku za kazi gari hilo hubeba sabuni na sukari kutoka maduka ya jumla ya Kikuubo hadi dukani kwangu Bukoto. Ukiliinua sana, likibeba mzigo linayumba kila kona, na mimi sitafuti kuogopwa na mtu. Tulibishana hadi tukaafikiana inchi mbili: springi mpya, shokapu ndefu kidogo za kuendana nazo, na mipira ya breki ikaguliwe isije ikavutika. Chini ya hapo, aliniambia wazi, tumbo litagusa tena.

Sasa shida ikahamia kwingine. Gari likipanda inchi mbili, mguu wa mama nao lazima upande inchi mbili. Na kigoda hakutaka hata kukiona.

Nyuma ya nyumba tunayopanga, karibu na mlango wa jikoni, nikapanga matofali hadi yakalingana na kimo cha kibao cha kukanyagia cha gari kabla ya kuinuliwa. Nikamwambia mama ni ngazi ya kufikia kamba ya nguo. Alipanda, ameshika mwimo wa mlango. Kesho yake nikaongeza ubao mmoja wa unene wa inchi moja. Akapanda, akihema. Nikaongeza wa pili. Mguu ulinyanyuka, ukasita, ukarudi chini. Akajifanya anatazama mawingu, na mimi nikajifanya naosha sufuria.

Niliuondoa ule ubao wa pili, nikauegemeza ukutani. Roho iliniuma. Nilimpigia fundi kumwambia asubiri kwanza, kisha nikaenda Kikuubo na kugombana na kila mwenye mkokoteni aliyenikaribia.

Wiki mbili hivi zilipita. Asubuhi moja nilikuwa nimeshatoka, nikarudi kuchukua simu. Nikasikia pumzi nzito nyuma ya nyumba. Mama alikuwa juu ya matofali, mbao zote mbili chini ya nyayo zake, amezifunga kwa kamba zisiteleze. Alikuwa anafanya hivyo kila nilipoondoka. Aliniona, akashuka polepole, akapanda tena mbele yangu.

"Wewe napima mimi kama nguo," akasema. "Mimi naona tu. Ambia fundi inchi mbili. Gari ni yako, mguu ni yangu."

Nililia kidogo, halafu nikampigia fundi, akaliinua gari inchi zake mbili.

Mvua zilipoanza, mume wangu alikuja nasi. Alisema anataka kujionea. Kwenye tuta nilipunguza mwendo, meno nimeyauma, nikasikia majani tu yakisugua chini ya gari. Tulipita. Mama alimwaga ufuta wake asubuhi nzima, akitembea kwa fimbo, akipumzika anapotaka, na sisi tukifukia nyuma yake.

Wakati wa kuondoka ardhi ilikuwa tope tupu. Mama alishika mlango, akainua mguu. Ukarudi. Mume wangu akanyoosha mikono, nami nikamvuta mkono wa shati. Mama alivuta pumzi, akainua tena, unyayo ukakaa juu ya kibao, na mwili wote ukafuata. Alijiweka vizuri kwenye kiti, akapangusa magoti, ndipo akamtazama mwanawe aliyesimama topeni.

"Ule mutu yako ya kununua," akasema, "ambia yeye mwenye shamba iko."

Mume wangu alikung'uta viatu, akapanda nyuma.