Kengele Niliyomwachia Mhunzi

Kabla hujaanza kucheka, nenda kwanza nyumbani kwangu Kadutu, mjini Bukavu, uombe uoneshwe chuma kimoja kifupi, unene wa kidole gumba, kimefungwa kitambaa ndani ya kabati. Kikwaruze. Kitie majini wiki nzima. Halafu rudi ucheke, kama bado una hamu. Mimi nimefundisha maisha yangu yote, na mwalimu akidanganya, watoto humshika siku hiyo hiyo.

Ilikuwa ile miaka ya Zaire, wakati tulipovaa abakosti, lile koti lisilo na tai, na kuitana citoyen, yaani raia. Binti yangu Faida alikuwa na miaka minane. Ugonjwa wa kupooza ulimpitia akiwa mchanga, ukamwachia mguu mmoja tu wa kutegemea. Shule iliyokubali kumpokea ilikuwa kule chini Nguba, karibu na ziwa, na mkuu wake aliniambia bila kuficha: mtoto akizidi kuchelewa, kiti chake atakikalia mwingine. Nilimbeba mgongoni miezi mingi. Unaijua milima ya Bukavu? Kama huijui, uliza magoti yangu.

Ndipo nikapata kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu. Ilikuwa ya kukunja, yenye magurudumu madogo, na niliuziwa kwa bei ya chee na mlinzi wa mzungu mmoja aliyehama. Majirani walicheka: mwalimu amenunua kinga ya mtoto! Lakini sisi tulikuwa na chumba kimoja, juu ya ngazi za udongo, na kitu kinacholala nje Kadutu hakiamki na wewe. Hii niliikunja, nikaitia begani, ikalala chini ya kitanda.

Nikaanza kuiboresha, kila siku nikitoka shule. Gurudumu la nyuma nililitia meno mengi zaidi, ili ipande mlima. Breki za mkono nilizitoa kwenye mzoga wa baiskeli kubwa sokoni. Kiti cha Faida nilikiunda kwa vyuma vya ujenzi na kipande cha godoro, nikamwekea na pa kuegemea mgongo. Nikapaka rangi ya kijani. Mwisho nikafunga kengele ya shaba, kubwa kama kikombe, iliyolia mpaka mbuzi wakatoka njiani. Jamani, niliipenda kengele ile.

Palibaki bawaba. Baiskeli ya kukunja ina bawaba katikati, na bawaba nzima inashikwa na chuma kimoja tu. Changu kilikuwa kimelika. Fundi wangu wa sokoni alitaka tungoje apate chuma kigumu, lakini mimi nilikuwa nimeona buloni, yaani bolti, ya kitanda, mpya, inang'aa kama kengele yangu.

“Citoyen mwalimu,” fundi akasema, “hii ni ya kulalia. Haiko ya njia.”

“Weye funga tu,” nikamjibu.

Ving'aavyo vyote si dhahabu, na mtu wa Kivu, kwenye dhahabu ya kweli, ndiye angepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Lakini nilitaka watu waione.

Sasa sikiliza. Kwetu, mtu akifanya kazi kando ya njia, humpiti kimya. Unampa pole. “Pole na kazi,” basi, unaendelea na safari yako. Hata kama humjui, hata kama una haraka. Nilikuwa nawafundisha watoto wa watu jambo hilo kila mwaka.

Asubuhi ya tatu tangu tuanze kupanda kinga ile, ukungu ulikuwa umetoka ziwani ukafunika barabara. Tulikuwa tumechelewa. Kwenye kona moja, chini ya mikaratusi, nikaona moto, na mzee amechuchumaa akifua chuma juu ya jiwe. Tangu lini hapa kuna mhunzi? Nilijiuliza hivyo, lakini nikaikumbuka saa, nikaikumbuka na abakosti yangu iliyopigwa pasi, nikapita kimya. Ni Faida aliyesema nyuma yangu, “Pole na kazi, muzee.”

Kinga ikasimama. Niamini, sikugusa breki. Ilisimama yenyewe kwenye mteremko, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

“Asante, mwana,” mzee akasema. Kisha akaniangalia mimi. “Mutoto amenipa pole. Weye baba yake, uliona hapa ni jiwe?”

Niligeuka kuomba radhi, na hapo nikaona ajabu. Nyundo ilikuwa inapanda na kushuka, cheche zinaruka, lakini haikuwa na sauti. Nilisikia majogoo wa Kadutu. Nilisikia pumzi ya Faida. Nyundo sikuisikia hata kidogo.

“Leta hiyo kinga.”

Ungefanya nini? Ungekimbia, na mtoto asiyeweza kukimbia? Niliipeleka.

Hakuuliza inafunguliwaje. Alichomoa buloni yangu nzuri, akaivunja kwa vidole viwili. Ndani ilikuwa imekwisha kupasuka, umebaki uzi.

“Ulitaka kumushusha mutoto na hii?”

Nilimshika Faida begani.

Akachukua kipande cha chuma motoni, akakipiga mara chache katika ule ukimya, kisha, kikiwa bado chekundu, akakiweka kwenye kiganja cha Faida. Nilipiga kelele.

“Papa, iko baridi,” Faida akasema, akicheka.

Hofu ikanitoka yote. Kilichoingia mahali pake sina jina lake. Najua tu kwamba nilivua kofia, na kama si baridi ya lami ningevua na viatu. Mzee akakitia chuma kwenye bawaba, kikaingia chenyewe. Nikatia mkono mfukoni. Akatikisa kichwa.

“Niachie kengele.”

“Kengele, muzee?”

“Watu wanapita hapa kila siku, hakuna mwenye kusema kitu. Nyundo yangu haisikikake tena. Niachie kitu chenye kulia.”

Niliifungua, nikampa.

Hatukushuka hata mita mia mbili. Ghafla, ndani ya ukungu, lori la makaa kutoka Bunyakiri lilikuwa limelala kwa ubavu, limeziba barabara yote. Nikabana breki zote mbili kwa nguvu zangu zote. Gurudumu la nyuma likanyanyuka, uzito wetu wote ukaangukia ile bawaba. Buloni ya kitanda ingekatika, kinga ingejikunja kama kisu, na Faida ndani yake. Chuma kilishika. Tukasimama, pua ya kinga inagusa ubao wa lori, na mimi nikalia mbele ya dereva na watu wake bila haya.

Mchana nilirudi na chupa ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nimshukuru. Palikuwa na majani tu, hata jivu hakuna. Mama mmoja alikuwa akilima mihogo juu ya ukingo. Nilipomweleza, aliegemea jembe.

“Huyo ni muhunzi wa zamani sana. Wakati wazungu walikata barabara, walipitisha juu ya kaburi yake. Ulimupa pole?”

“Mutoto wangu ndiye alimupa.”

“Basi mushukuru mutoto.”

Nilimimina kasiksi yote kwenye ukingo, nikasema kwa sauti, “Pole na kazi, muzee.” Na ndani ya udongo, chini kabisa, kengele yangu ikalia mara moja.

Ile kinga imekwisha zamani, kutu imeila yote isipokuwa chuma kile. Faida ana watoto wake sasa. Nyinyi mnaopita kona zile kwa mbio, pikipiki zinaunguruma, msimpite mtu kimya akiwa kazini. Na penye majani matupu, toeni pole vilevile; hamjui barabara imelazwa juu ya nani.

Mimi masikio yamezeeka, kengele siisikii tena. Lakini tukifika pale huvua kofia, natoa pole yangu, nangoja, mpaka Faida aniguse bega.

“Papa, amejibu.”