Siku Mlevi Alipotembea Sawa

Shangazi yangu alifundisha ushonaji katika shule ya msingi kwa miaka ishirini na minne, hadi somo lenyewe lilipoondolewa kwenye ratiba. Hakuna aliyemwambia. Alifika Jumatatu moja, akakuta ratiba mpya imebandikwa kwenye chumba cha walimu, akaipitia kwa kidole mara mbili, akajikuta hayumo. Mwalimu mkuu alimwomba radhi, akamwambia asiwe na wasiwasi: kazi anayo, na chumba cha ushonaji atakaa nacho mpaka kipatiwe shughuli nyingine.

"Kwa hiyo nina chumba, sina somo," alituambia siku hiyo alipopita nyumbani.

Baba, ambaye ni kaka yake na hajawahi kuacha jambo la dada yake lipite bila utani, akajibu, "Wenzako wana masomo, wanafundishia uwanjani. Shukuru."

Shangazi hakucheka.

Ndani ya kabati la chumba kile, nyuma ya majora ya vitambaa, kulikuwa na boksi lililoletwa na wafadhili miaka mitatu nyuma. Walimu walikuwa wamepiga nalo picha, kisha wakalifungia. Shangazi alilifungua kwa sababu hakuwa na la kufanya. Alikuta roboti wawili wa magurudumu, kila mmoja mkubwa kama sufuria ndogo, wenye vitufe mgongoni: mbele, nyuma, kulia, kushoto, na viwili vya kugeuka kidogo tu. Unabonyeza maagizo yako kwa mfululizo, unamalizia na kitufe cha kijani, naye anayafuata moja baada ya jingine. Mmoja hakuwaka hata siku moja. Wa pili aliwaka.

Akanipigia simu. "Wewe si umesoma kompyuta?"

"Nilisoma ukutubi, Shangazi, kazi ya maktaba."

"Si ndiyo mambo hayohayo ya kusoma? Njoo unisomee haka kakitabu ka maelekezo."

Nilikwenda nikamsomea. Tulipofika ukurasa wa nne akanikatiza. "Kumbe ni kukata nguo," alisema. "Unaifikiria yote kabla hujagusa mkasi. Ukishakata, umekata." Kakitabu hakukagusa tena. Alichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akapiga magoti, akachora sakafuni miraba sita kwa minane. Mmoja ukawa nyumbani, mmoja dukani, mingine mitatu ikawa mashimo.

Ndivyo alivyoanza. Kila alasiri, baada ya vipindi, watoto kumi na sita walijaa kwenye chumba chenye cherehani tano zilizofunikwa, wakaandika maagizo kwenye kadi, agizo moja kadi moja, ili kumpeleka roboti dukani bila kutumbukia shimoni. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kumgusa roboti kabla programu yake haijatembewa kwa miguu. Mmoja alisoma kadi, mwingine akatembea juu ya miraba, na anayetembea alikatazwa kutumia akili zake. Kadi ikisema mbele, ni mbele, hata kama mbele ni kabati.

"Wewe sasa hivi si mtu, wewe ni chuma," Shangazi aliwaambia. "Chuma hakionei ukuta huruma." Watoto walipenda sehemu hiyo kuliko zote, hasa kama anayeelekea kabatini ni rafiki yao.

Alikuwa na sharti jingine. Kitu kikienda kombo, mtoto asianze kujitetea. "Niambie alichofanya," alikuwa akisema. "Usiniambie ulichotaka." Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka tisa ambaye wenzake walimwita Kifutio, kwa kuwa alifuta kuliko alivyoandika. Shuleni jina hilo lilikuwa la kumcheka. Mle chumbani, bila mtu kutangaza, likageuka kuwa cheo. Programu ikikataa, walimwita yeye.

Roboti naye alikuwa na jina. Mpira wa gurudumu lake la kushoto ulikuwa umelika, kwa hiyo hakuenda mbele sawasawa. Kila hatua aliegemea kushoto kidogo, na baada ya miraba mitatu alikuwa ameshapanda mstari. Watoto wakamwita Mlevi. Shangazi alilipiga jina hilo marufuku wiki ya kwanza. Wiki ya pili nilimsikia mwenyewe akisema, "Haya, mleteni Mlevi."

Ili afike dukani, watoto walibuni kadi yao. Kila baada ya hatua tatu waliweka agizo la kugeuka kulia kidogo, wakaliita "mkumbushe." Mbele, mbele, mbele, mkumbushe. Anayetembea kwa miguu alipofika kwenye kadi hiyo alitikisa kichwa tu akaendelea, maana yeye hakuwa mlevi. Baada ya miezi mitano hakuna aliyeiona tena kama dawa ya gurudumu bovu. Ilikuwa ndivyo programu inavyoandikwa.

Kisha ikaja habari ya viti. Shule ilinunua viti vya mitihani, na kamati ya wazazi ikatafuta pa kuviweka. Chumba cha ushonaji kilikuwa kikavu na kina kufuli nzuri. Mwalimu mkuu alimwambia Shangazi kwamba kamati ingekuja Alhamisi kuangalia kinachofanyika mle ndani, ndipo iamue.

"Wakikichukua?" nilimuuliza.

"Nitakaa chumba cha walimu miaka miwili iliyobaki kabla ya kustaafu," alijibu, "nipige mihuri kwenye madaftari ya wenzangu." Alisema polepole, kama mtu anayepima kitambaa ambacho hakitatosha.

Alhamisi nilifika mapema kumsaidia kupanga viti vya wageni. Nilimkuta ameinama juu ya Mlevi, bisibisi mkononi, miwani puani. Alikuwa ameleta kutoka nyumbani kile kipira cha mviringo kinachozungusha bobini wakati wa kujaza uzi. Alikuwa amekitoa kwenye cherehani yake mwenyewe. Akalivisha gurudumu la kushoto. Kilienea kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili yake. Akabonyeza mbele mara mbili. Mlevi akaenda mraba wa kwanza, wa pili, akasimama katikati kabisa.

"Mwone," Shangazi alisema, akajifuta mikono kwenye kanga. "Na aonekane mtu mbele ya wageni."

Mimi nilimpongeza. Hilo nalikiri, maana nilikuwa nimekaa mle chumbani miezi yote mitano, nikiandika kadi kwa mkono wangu, na kosa letu halikunijia akilini.

Wageni walikuwa wanne. Mwenyekiti wao, muuza mbao mwenye sauti kubwa, alikaa mbele kabisa, viatu vyake vikigusa mstari wa chaki. Kundi la kwanza lilisoma kadi zake, likatembea kwa miguu, likabonyeza maagizo. Kitufe cha kijani.

Mbele, mbele, mbele. Mlevi alinyooka. Kisha akageuka kulia kidogo, akaenda mitatu mingine akiwa amekaa upande, akageuka tena. Alikatisha shimo, akavuka mstari wa mwisho, akaenda kugonga kiatu cha mwenyekiti. Hapo akaendelea kusukuma.

"Naona ameshakuja kudai kiti changu," mwenyekiti alisema, na wageni wakacheka. Kundi la pili lilijaribu. Kiatu kilekile.

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa ameshika ncha zote mbili za futi ya kitambaa iliyoning'inia shingoni mwake, na uso wake ulionyesha kwamba ameshajua. Sentensi moja ingetosha. Hakuisema. Mwalimu mkuu alikohoa. Watoto walianza kusukumana, huyu akimwambia yule amebonyeza vibaya, yule akiapa kwamba hakubonyeza vibaya.

"Acheni," Kifutio alisema. "Amefanya nini?"

"Amekataa!"

"Hajakataa. Amefanya nini?"

"Ameenda kulia," mmoja akajibu kwa shingo upande.

"Kila saa?"

Wakafikiri. "Hapana. Kwenye mkumbushe tu."

Kifutio alimchukua Mlevi, akamrudisha nyumbani, akafuta kila kitu. "Tumpe mbele tupu," alisema. Akabonyeza mbele mara sita. Roboti akapita katikati ya miraba sita, mstari wa chaki huku na mstari wa chaki huku, akasimama.

"Mwalimu," Kifutio akauliza, "kwani Mlevi amepona?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika tumbo. "Na mimi nauliza hilohilo, Mwalimu. Mgonjwa alitibiwa lini?"

"Leo asubuhi," Shangazi alisema. "Nilimbadilishia mpira."

"Bila kutuambia?" Kifutio hakucheka.

"Bila kuwaambia. Nguo ilikuwa imeshakatwa, mimi nikaenda kumnyoosha mteja bega." Aliachia ile futi. "Nimekosa, wanangu. Nisameheni."

Watoto walitazamana. Sidhani kama walikuwa wamewahi kuombwa msamaha na mwalimu, tena mbele ya wazazi. Kifutio alitafakari kidogo. "Haya," alisema. "Lakini sasa tunatoa mikumbusho yote." Wakapiga magoti, wakachambua kadi, na jaribio la tatu Mlevi alifika dukani.

Baadaye, tukifagia chaki, nilimwambia Shangazi kwamba alifanya vizuri kunyamaza akawaacha waone wenyewe.

"Sikunyamaza kwa busara, mwanangu," alinijibu. "Nilinyamaza kwa woga. Niliona nimewaaibisha watoto wa watu, ulimi ukakauka. Wao ndio walinitoa."

Kamati iliamua kwa namna yake. Viti vililetwa, lakini vikapangwa ukuta wa nyuma tu, hadi darini. "Huku mbele," mwenyekiti aliwaambia wabebaji, "atakayekanyaga chaki ya Mwalimu atanikuta." Miraba sasa ni sita kwa mitano. Duka lilihamishwa, shimo moja likafukiwa, na programu zote za miezi mitano zikabidi kuandikwa upya. Watoto walilalamika siku moja, kisha wakaanza.

Nyumbani, cherehani ya Shangazi bado haina kile kipira. Anajaza bobini kwa vidole, akiuzungusha uzi taratibu huku anaongea na Baba. Na pale chumbani, kando ya Mlevi, ambaye ameendelea kuitwa hivyo ingawa hanywi tena, kuna daftari limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Yeyote atakayemgusa roboti lazima aandike alichofanya, na kabla ya somo husomwa kwa sauti. Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wa Shangazi: tarehe ya Alhamisi ile, mpira wa kushoto, jina lake. Ukurasa wa pili umefutwafutwa mpaka karatasi imekwanguka, lakini bado unasomeka: "Betri ni mpya. Anakimbia. Msishangae."