Kocha Anayewapa Mgongo Wachezaji Wake

Saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya ukumbi wa michezo ambao bati lake linavuja, mwanamke wa makamo amesimama akiutazama ukuta. Nyuma yake, wasichana kumi na wawili wa timu ya mpira wa wavu wanaruka kutoka juu ya benchi, mmoja baada ya mwingine. Hageuki hata mara moja.

“Wa tatu, goti la kulia linaingia ndani. Wa saba, mwanangu, unatua kama gunia!”

Nadhani anatania. Namwomba wa tatu arudie, namtazama: goti linaingia ndani kweli.

Wachezaji humwita Masikio. Kwa miaka kumi na moja alipiga deki ukumbi huu huu.

“Macho yalikuwa sakafuni, masikio hayana kazi,” anasema. “Nikaona, kila anayetua kwa kishindo cha mguu mmoja, baada ya wiki chache anabebwa.”

Mtaalamu wa viungo wa timu alimcheka, akamjaribu, kisha akamtafutia mafunzo ya ukocha ya miezi sita.

Siku hizi mazoezi huanza kwa kusimama mguu mmoja, macho yamefumbwa, huku mchezaji akitaja namba ya simu ya mama yake kuanzia mwisho.

“Kwenye mechi akili iko kwa mpira. Mguu lazima ujue kujisimamia wenyewe.”

Mwaka juzi waliumia magoti wachezaji sita. Mwaka jana, mmoja tu: nahodha, binti yake wa kumzaa.

“Nilimsikia wiki nzima. Mguu wa kushoto, puu! Nikanyamaza, kwa sababu fainali ilikuwa karibu na kombe nililitaka mno. Hilo halinitoki moyoni.”

Anachoombea sasa ni kitu kimoja: asubuhi moja awape wote mgongo, asisikie kitu.

Miezi kumi imepita, na leo binti anapimwa. Akitua vizuri, Jumamosi anacheza. Akishindwa, msimu umekwenda na maji. Anapanda benchi. Mama anaugeukia ukuta. Wenzake wametulia tuli.

Kimya.

“Ruka basi,” anasema Masikio. “Usiogope, mwanangu.”

“Nimesharuka, mama. Mara tatu.”